Nani Alimjibu Aliyechoka Kungoja

Jumapili, tarehe 3 Machi. Asubuhi ya ukungu, jua limechelewa kutoka.

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako, mkeo na mtoto. Sisi huku wazima. Goti la Mama Mdogo limetulia, ingawa yeye hataki litulie kabisa, maana likipona atakosa la kuwaambia majirani. Mwambie mkeo kitambaa nimekipata, cha bluu; cha kijani kimekwisha dukani. Kazini tunaendelea. Wiki hii mwanafunzi wangu mmoja wa udereva, mwalimu wa hesabu, aligonga pipa lilelile mara mbili, halafu akaniambia pipa limehama.

Sasa lililonikalisha mezani.

Mwezi Januari uliniambia gazeti limeusimamisha kwa muda ukurasa wetu wa ushauri, ule wa Shangazi Pilipili, wanapanga upya. Nikakubali. Barua za wasomaji zilizoingia kwenye sanduku la posta la shule nikazitia kwenye boksi, nikingoja neno lako. Jana nikanunua gazeti, nikafungua ukurasa wa kumi na moja kwa mazoea tu, nikamkuta Shangazi Pilipili amekaa palepale, na kile kichoro chake cha bibi mwenye kijiko. Anajibu watu watatu. Anawatania. Anawaita "wanangu wa kufikia", kama tunavyowaita sisi.

Mimi sikuandika. Nikadhani umeandika peke yako, nikasoma tena. Wewe huwezi kumaliza jibu bila kutaja chakula, na kazi yangu miaka yote hii imekuwa kukipunguza. Yale majibu matatu yote yameishia na chakula. Lakini hata hivyo si wewe. Wewe hukosea mahali, unarudi nyuma, unajicheka. Huyu hakosei popote, na hakuna anachokitaka.

Miaka kumi na miwili wewe unaandika rasimu, unaituma kwa basi, mimi nakata na kuongeza, nairudisha. Hakuna jibu lililowahi kutoka bila kupita mikono minne. Hii ni mikono ya nani?

Dada yako.


20 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na kitambaa kimefika, na mama mtoto anasema bluu ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo, kijani nilisikia vibaya mimi. Mtoto ameanza kutembea, ila anatembea kinyumenyume. Nimesema huyo apelekwe kwako umfundishe.

Kuhusu gazeti, usipandishe presha. Mhariri wetu wa zamani ameondoka. Aliyekuja ni kijana, msomi, anayapenda sana majibu yetu. Mengine anayajua kwa moyo. Wameyachukua yote yaliyochapishwa wakayalisha kwenye mashine, yaani programu ya kompyuta, nayo imejifunza kusema kama Shangazi. Msomaji anauliza kwa simu, anajibiwa kabla hajakaa vizuri. Majibu yaliyochangamka zaidi yanatoka gazetini Jumamosi. Mimi wamenipa cheo: Mlezi wa Sauti. Nilitia saini kwa niaba yetu sote, kwa sababu wakati ule ulikuwa na mitihani ya leseni na sikutaka kukusumbua.

Na Dada, tuseme ukweli. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye warsha ya waandishi iliyoandaliwa na gazeti. Bwana mmoja, mwalimu wa chuo, alisema habari ya mwandishi mmoja anayemiliki maneno yake imepitwa na wakati. Maneno ni ya wote. Mwandishi ni mlango tu, maneno yanapita. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga, kwa sababu nilituona sisi. Wasomaji wanadhani Shangazi ni bibi mmoja mwenye kijiko, kumbe ni mwanamume mwenye kitambi na mwalimu wa udereva. Na ile sauti tuliitoa wapi? Kwa Shangazi yetu, Mungu amrehemu. Tulimwomba ruhusa? Basi mashine ikitufanyia tulichomfanyia yeye, tupige kelele?

Mtoto anakusalimu, amekupungia mgongo.

Mdogo wako.


Jumapili, tarehe 7 Aprili. Mvua tangu alfajiri, barabara ya mazoezi imejaa maji.

Mdogo wangu,

Marahaba. Shikamoo nimeipokea. Mengine sikuyapokea.

Mama Mdogo hajambo. Nilimsomea barua yako, akauliza "Mlezi wa Sauti" ni kazi ya kanisani au ya msikitini. Nikamwambia ni kazi ya mtu aliyeuza ng'ombe akaachiwa kengele.

Umesema mwandishi ni mlango. Sawa. Nami nikueleze gari ninalofundishia, maana umelipanda na umesahau. Lina breki mbili. Mwanafunzi ameshika usukani, mimi nimekaa upande wa pili na breki yangu chini ya mguu. Akimgonga mtu, askari hapotezi muda na mwenye usukani. Anazunguka gari, anakuja dirishani kwangu. Sijawahi hata siku moja kumwambia askari kwamba habari ya dereva imepitwa na wakati, kwamba magari ni ya wote, kwamba mimi ni mlango tu. Jaribu wewe. Halafu uniandikie kutoka rumande.

Na usimtaje Shangazi kwa kujikinga. Hatukumwibia. Alitulea, akatuachia ulimi wake kama alivyotuachia vyombo, na mrithi hutunza. Wewe unakumbuka utani wake tu. Mimi nakumbuka alivyokuwa akiacha utani. Alikuwa akitania watu sebuleni mpaka wanashika mbavu, huku anawatazama usoni mmoja mmoja. Akiona kicheko cha mtu kimepinda, ananyamaza, anamvuta jikoni, mlango unafungwa. Huko hakutania. Yeye mwenyewe alishapigwa na mume, akajua kicheko cha namna hiyo kinavyosikika.

Sharti letu tulilitoa kule jikoni. Anayepigwa hajibiwi gazetini. Hatumtanii, hatumchapishi, mumewe asije akasoma. Tunamwandikia kwa mkono, bahasha tupu isiyo na jina la gazeti, na hatubaki na nakala. Kazi yetu ya maana tuliifanya huko. Utani ulikuwa wa kuwaita watu tu, wajue kuna mlango.

Sasa nakuuliza swali moja, na usinijibu kwa warsha. Uliilisha mashine majibu yaliyochapishwa. Maana yake imekula utani mtupu. Hilo la jikoni haijawahi kuliona. Je, uliwaambia? Na mtu anayepigwa akiuliza leo, inamjibu nini?

Dada yako.


11 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mtoto anaota meno, nyumba nzima hatulali, na posta nako unakujua. Mama mtoto amemshonea mtoto suruali kwa kitambaa chako, zimemkaa vizuri.

Swali lako nimelisikia. Nitazungumza na kijana wa gazeti akirudi safarini. Wanasema mashine ina adabu, haitukani mtu. Wasomaji wameongezeka sana, hata mimi sikutegemea.

Tafadhali usipige ile simu ya kazini. Watu wanasikiliza.

Msalimie Mama Mdogo.

Mdogo wako.


Jumapili, tarehe 2 Juni. Jua kali tangu asubuhi, hakuna upepo.

Leo sina salamu. Mama Mdogo ni mzima. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani.

Jumatano nilikuwa darasani nikifundisha alama za barabarani. Unalijua darasa letu: benchi tatu, ubao, tairi bovu pale kona, na sheria za njia panda nimeziandika ukutani kwa mkono wangu. Akaingia mama mmoja, mkono wa kushoto una plasta mpaka juu ya kiwiko.

"Namtafuta Shangazi," akasema.

"Shangazi wa nani?"

"Pilipili. Posta wameniambia sanduku hili ni la hapa."

Unajua jibu letu. Huwa nasema kuna bibi mmoja huja kuchukua barua, simjui vizuri. Lilikuwa limeshafika ulimini. Nikauliza kwanza, "Una shida gani naye?"

"Sina shida naye. Nataka nimtukane."

Mwalimu wa hesabu akacheka. Nikawaambia wanafunzi wote watoke nje wakakague tairi za gari. Mmoja akasema tumeshazikagua asubuhi. Nikamwambia zikague tena, huenda zimehama.

Akakaa. Akaniambia, naandika kama alivyosema: "Miaka minne iliyopita nilimwandikia. Nilijiita Aliyechoka Kungoja. Akanijibu kwa mkono, barua nzima, hakuna utani hata mmoja. Akaniambia nisirudi ndani kuchukua vitu, nguo hununuliwa. Nikaenda kwa kaka yangu, nikakaa. Mwaka jana mume akaja na wazee, akalia mbele ya watu, nikarudi. Akatulia. Mwezi wa nne akaanza tena. Siku hiyo nimejifungia chooni, yeye yuko sebuleni anasubiri. Nikasema, ahsante Mungu, siku hizi Shangazi yuko kwenye simu, hakuna kungoja posta. Nikamwuliza. Nikatumia jina lilelile, anikumbuke."

Akanipa simu nisome. Nakunakilia:

"Mwanangu wa kufikia! Mume akichemka mfunike, ila acha upenyo mvuke utoke. Toka huko ulikojificha, mpelekee tabasamu lenye chumvi kidogo, na kesho atakuuliza mwenyewe nani mpishi!"

Unayatambua? "Mume akichemka mfunike" niliandika mimi, kwa yule mke ambaye mumewe hununa timu yake ikifungwa. "Tabasamu lenye chumvi" ni lako, kwa wale mawifi waliogombania sufuria. Kila neno ni letu, mdogo wangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyelisema.

"Nilicheka," yule mama akasema. "Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono. Nimo chooni, nacheka. Nikasema Shangazi ananijua. Kama yeye ameona si jambo kubwa, basi mimi ndiye ninayekuza. Nikafungua mlango."

Kisha akatazama ukuta nyuma yangu. Akasogea, akaigusa sheria ya njia panda kwa kidole.

"Huu mwandiko," akasema. "Huu ndio mwandiko."

"Ndiyo."

"Ni wewe?"

"Mimi ndiye."

"Na hii ya kwenye simu ni wewe?"

Nikisema si mimi, ni kweli tupu. Lakini nikisema si mimi, nani mwingine? Wewe una cheo. Kijana wa gazeti yuko safarini. Mashine haina uso. Mtu amekuja kwa miguu na mkono uliovunjika kumtafuta wa kumtukana, nami nimwambie hayupo?

Nikamwambia, "Nitukane."

Akanitukana. Alitukana vizuri, kwa mpangilio, kizazi kwa kizazi, hakumwacha mtu wa ukoo wetu. Nawe ulikuwamo ingawa hakujui. Fungu lako nimekupokelea, nakutumia humu kwenye bahasha. Ukilihisi zito, ndilo hilo.

Yuko mahali salama. Sikuandikii wapi, kwa sababu siku hizi sijui maneno ninayokupa yanalishwa nani.

Nataka hili tu. Ukurasa uleule, chini ya kile kichoro, kwa herufi zilezile: SHANGAZI PILIPILI SI MTU. ANAYEPIGWA ASIULIZE HAPA. Saini ulitia wewe, kwa niaba yetu. Sasa nenda kwa niaba yetu.

Na lile swali la Aprili bado halijajibiwa.


29 Juni

Dada,

Shikamoo. Mtoto ameacha kutembea kinyumenyume. Sina habari nyingine ya nyumbani inayofaa.

Nilikwenda. Sikuandika kwanza, nilitaka niende ndipo niandike. Ofisi yao iko ghorofa ya nne, vioo kila mahali. Kijana alinipa kiti na maji. Nikamsomea barua yako yote, mpaka pale pa mlango wa choo. Alisikitika, Dada, nisiseme uongo. Machozi yalimlengalenga. Kisha akasema ni tukio la kusikitisha lakini jibu lile halikuandikwa na mtu, kwa hiyo hakuna wa kuomba radhi. Nikamwambia basi chapisheni yale maneno mawili ya dada yangu. Akasema yatawaogopesha wasomaji. Nikasema nitachapisha mwenyewe kwingine, kwa jina la Shangazi. Akatabasamu kwa upole kabisa, akanifungulia karatasi niliyotia saini. Jina Shangazi Pilipili ni lao. Sauti ni yao. Hata nikiandika kitu kikafanana naye mno, nimewaigiza wao.

Nikamwambia, "Kwenye ile warsha yenu mlisema maneno ni ya wote."

Akasema, "Ndiyo, Mzee. Ila jina ni la kampuni."

Nikashuka, nikakaa kwenye ngazi za jengo. Nikatoa simu nikamwuliza mwenyewe. Niliandika: Shangazi, nimemkosea dada yangu, nifanye nini? Akajibu papo hapo: "Mwanangu wa kufikia, dada ni sufuria ya zamani, ikikuunguza leo, kesho ndiyo itakayokupikia. Mpelekee kuku, na wewe ujipeleke pamoja na kuku!"

Nilicheka, Dada. Hiyo ya sufuria niliiandika mwaka wetu wa kwanza, nikatembea nayo wiki nzima najisifu. Nilicheka kwa sauti mpaka mlinzi akanitazama. Nikajisikia nimesamehewa, mzigo umeshuka. Nikasimama niondoke. Nilikuwa nimeshafika hatua ya tatu ndipo nikakumbuka nani mwingine alicheka hivyo, na akafungua nini baada ya kucheka.

Swali la Aprili. Sikuwaambia. Hawakuuliza kama kuna majibu mengine, nami nilijua wakisikia kuna sharti la jikoni watasita, na nilitaka sana wasisite. Nilipenda kuona ule ukurasa unaendelea bila kuningoja. Jibu lilikuwa hilo tangu siku barua yako ilipofika. Mtoto alikuwa ameota meno zamani.

Cheo nimekirudisha. Wamesema haibadilishi kitu.

Nije?

Mdogo wako.


Jumapili, tarehe 21 Julai. Asubuhi ya baridi, mawingu mepesi, hakuna mvua.

Mdogo wangu,

Salamu kwako na mkeo, na kwa mtembea mbele. Mama Mdogo amepata la kuwaambia majirani, kwa hiyo goti limepona. Mwalimu wa hesabu amefaulu mtihani wa leseni. Pipa nimelihamisha mwenyewe, kwa usalama.

Kuja kwako nitakufikia. Kwanza nikueleze nilichofanya.

Nilimwita yule bwana anayetuchorea alama za barabarani. Nikamwambia nataka bati la pembe nane, jekundu, herufi nyeupe, saizi ya ile alama ya kusimama. Akauliza niandike SIMAMA? Nikamwambia andika: SHANGAZI PILIPILI WA GAZETINI SI MTU. ANAYEPIGWA ASIMWULIZE. MTU YUPO HUMU NDANI, JUMAMOSI. Akasema maneno ni mengi, madereva hawatawahi kuyasoma. Nikamwambia basi wapunguze mwendo.

Jumamosi ya kwanza walikuja kushangaa. Mzee mmoja alikuja kulalamika kwamba miaka yote alidhani Shangazi ni mwanamke mnene. Nikamwambia nusu yake ni mnene. Jumamosi ya pili wakaja wenye shida zao. Waliokuja kucheka tulicheka. Wawili niliwapeleka kile chumba cha nyuma tunachoweka mafuta, mlango nikaufunga. Siandiki walichosema.

Kisha ikaja barua ya mwanasheria wa gazeti, karatasi nzito, nembo juu. Natumia jina bila idhini ya mwenye jina. Nishushe bango. Nami, kama nadai mimi ndiye niliyekuwa nikiandika, nithibitishe. Nilikasirika hivi kwamba nilifundisha kurudi nyuma asubuhi nzima bila kusema neno, wanafunzi wakanyooka kama rula.

Mchana nikawajibu, mstari mmoja, kwa mwandiko wa njia panda: "Nileteeni mtu wenu aje atukanwe badala yangu, nami nitalishusha bango siku hiyohiyo."

Hawajajibu. Sidhani watajibu, maana hawana mtu wa kumleta. Hapo ndipo nilipoelewa ninachobishana nacho tangu Machi, ambacho wewe na bwana wa warsha mlinizungusha nacho. Simkatalii mtu maneno. Maneno yachukuliwe, yachanganywe, watu wayaseme barabarani bila kujua yalikotoka, Shangazi angefurahi. Ninachokataa ni sauti inayomwita mtu "mwanangu" na haina mlango wa kugongwa. Mwandishi ni yule ambaye ukivunjika mkono utamkuta. Wakitaka kuwa waandishi, waweke kiti.

Yule mama ametolewa plasta. Ameanza masomo kwangu. Anatia gia kama anampiga mtu kofi, na sijamkataza.

Sasa wewe. Njoo Jumamosi. Usije na kuku. Utakaa benchi la mbele, upande wangu wa kushoto, na rasimu utaziandika hapohapo mbele ya mwenye shida, nami nitakata mbele yake. Lakini kabla ya kazi kuna jambo. Nimemwambia yule mama kwamba Shangazi ana nusu ya pili, kwamba ndiyo iliyotia saini, na kwamba inakuja. Akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa tatu. Akasema sawa, atakunywa chai kwanza ili apate nguvu.

Sitakupokelea fungu lako safari hii.

Usidhani nimepoa. Maneno mengine yote tumeyaandika wawili, lakini hasira hii ni yangu peke yangu, mwanzo hadi mwisho, na hakuna atakayeitia saini kwa niaba yangu.

Dada yako.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda posta: bahasha niliiacha wazi, nikidhani nitaongeza jambo. Sina la kuongeza. Jana usiku watoto wa jirani walikuwa bado wanacheza nje, Mama Mdogo hajazima redio, mimi saa mbili na robo nilikuwa nimeshalala fofofo.